Jinsi wakazi wa Gusii wanavyoweza kufika baharini bila kumaliza akiba njiani

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka ifikapo Oktoba, wakulima wa majani chai katika kaunti za Kisii na Nyamira hupokea malipo yao ya mwisho wa mwaka, maarufu kama bonasi. Fedha hizo hulipa karo, madeni ya dukani na mabati ya nyumba. Katika baadhi ya familia, zinazosalia hutengwa kwa jambo ambalo watoto wamekuwa wakiliuliza tangu walipolisoma vitabuni: kwenda kuiona bahari.

Si fedha nyingi. Bonasi ya mwaka 2025 iliwavunja moyo wakulima wengi wa magharibi mwa Bonde la Ufa, ambao kwa kawaida hulipwa kiasi kidogo kwa kilo kuliko wenzao wa maeneo ya Mlima Kenya. Ndiyo sababu familia inayoamua kufunga safari ya Pwani haina budi kujua mapema shilingi zake zitapotelea wapi.

Wengi hudhani kuwa gharama kubwa ya matembezi hayo ni malazi. Ukweli ni kwamba familia kutoka Keroka, Ogembo, Nyansiongo au Suneka aghalabu hupoteza fedha nyingi kabla hata ya kuyaona maji: kwa nauli iliyopandishwa ghafla, usiku usiotarajiwa jijini Nairobi, teksi ya kubahatisha, na nyumba iliyolipiwa kwa simu ambayo baadaye hupatikana kuwa haipo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga safari hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, ili akiba iliyokusudiwa bahari itumike baharini.

MASAFA NA NJIA

Kutoka mjini Kisii hadi Mombasa ni takriban kilomita 800 kwa barabara. Masafa hayo yamegawanyika katika sehemu mbili: zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi kupitia Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu, kisha karibu kilomita 480 kutoka Nairobi hadi Mombasa.

Msafiri anayetoka Nyamira anaweza kushuka Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti hizo mbili, na kupanda magari yanayotoka Kisii. Aidha, anaweza kupitia Ikonge na Chebilat hadi Sotik, au akaelekea Kericho iwapo anapendelea njia ya Nakuru.

Reli haijawahi kufika Gusii. Ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901, na nyanda za juu za Gusii zikaachwa kando. Reli mpya ya kisasa, SGR, ilifikishwa Suswa mwaka 2019, karibu na barabara ambayo magari ya Kisii hupitia. Hata hivyo, mtu wa Gusii bado analazimika kutumia barabara kwanza kabla ya kufikiria treni.

Kwa hivyo ana njia tatu: basi la moja kwa moja, gari hadi Nairobi kisha treni, au ndege.

BASI LA MOJA KWA MOJA

Yapo mabasi yanayotoka Kisii na Migori hadi Mombasa bila abiria kubadilisha gari. Mengi huondoka mchana au alasiri na kufika asubuhi ya siku ya pili. Ubora wa njia hii ni kuwa mizigo haihamishwi, na mwenye watoto wadogo hahitaji kukimbizana na magari ya Nairobi.

Kasoro yake ni uchovu na usiku. Abiria hukaa kitini kwa zaidi ya saa 14, na sehemu kubwa ya safari hufanyika gizani. Barabara ya Narok ina historia ya huzuni. Mnamo Agosti 29, 2013, basi lililokuwa likitoka Nairobi kuelekea Homa Bay lilibingiria usiku katika eneo la Ntulele na watu 41 wakapoteza maisha. Barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa nayo hutumiwa usiku kucha na malori mengi yanayobeba mizigo ya bandarini.

Anayechagua basi anashauriwa kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa: iwapo kuna dereva wa pili wa kupokezana, basi litapitia Nairobi saa ngapi, na litasimama wapi kwa chakula. Wakala anayejibu maswali hayo bila kusita ameizoea kazi yake. Anayekasirika kwa kuulizwa aachwe, kwani kituo hicho hicho kina mawakala wengine.

Nauli ya basi haina bei moja. Hupanda juma la Krismasi kuelekea Gusii, na baada ya Mwaka Mpya hupanda tena kuelekea Nairobi na Pwani. Hapa wakazi wa Gusii wana bahati ambayo wengi hawaitambui: mwezi Desemba, umati hutoka Mombasa na Nairobi kwenda mashambani. Anayesafiri kinyume cha umati huo, siku chache kabla ya Krismasi, anaweza kupata nafasi wakati wenzake wanagombania viti kurudi nyumbani.

Tatizo ni kwamba Novemba na Desemba ndiyo miezi ya tohara katika jamii ya Abagusii. Familia yenye kijana anayetiwa jandoni haiwezi kuondoka, na jirani zake pia wanatarajiwa kuwepo. Wenye shughuli hizo huenda wakaona afadhali kusafiri Aprili au Agosti, bora tu waielewe hali ya bahari ya miezi hiyo, kama itakavyoelezwa hapa chini.

GARI KISHA TRENI

Treni ya abiria ya SGR, Madaraka Express, ilizinduliwa Mei 31, 2017. Husafiri kilomita 472 kati ya kituo cha Syokimau jijini Nairobi na Miritini, Mombasa, kwa saa tano hadi sita, ilhali treni ya zamani ilichukua zaidi ya saa 12.

Nauli zilipandishwa kuanzia Januari 1, 2024. Daraja la pili lilitoka Sh1,000 hadi Sh1,500 kwa safari nzima, na daraja la kwanza likatoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Watoto walio chini ya miaka mitatu hawalipi, na wa kati ya miaka mitatu na 11 hulipa nusu.

Hebu tufanye hesabu. Baba, mama na watoto wawili wa miaka mitano na tisa watalipa Sh4,500 katika daraja la pili kwa safari moja, yaani Sh9,000 kwenda na kurudi. Hiyo ni sehemu ya Nairobi na Mombasa pekee. Nauli ya Kisii na Nairobi huongezwa juu yake, pamoja na ile ya kutoka katikati ya jiji hadi Syokimau.

Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639# au kwenye mtandao wa intaneti, na malipo hufanywa kwa M-Pesa. Jina na nambari ya kitambulisho vilivyoandikwa kwenye tiketi sharti vilingane na kitambulisho cha msafiri. Tiketi za likizo za shule, Pasaka na Desemba huisha upesi, kwa hiyo zinafaa kukatwa wiki kadhaa mapema. Anayefika kituoni siku ya safari akitarajia kununua nafasi katika msimu huo hujikuta akirudi mjini kutafuta basi.

Ratiba ya miaka ya karibuni imekuwa na treni tatu kwa siku kutoka Nairobi: ya saa mbili asubuhi inayosimama katika vituo vya kati, ya saa tisa alasiri inayokwenda kwa haraka, na ya saa nne usiku. Saa hizo zinafaa kuhakikishwa wakati wa kukata tiketi.

Kwa mtu wa Gusii, uteuzi wa treni ndio unaoamua iwapo atalipia chumba Nairobi au la. Treni ya asubuhi humlazimu kulala jijini. Ile ya alasiri inawezekana kwa aliyeondoka Kisii alfajiri, kwani gari huchukua saa sita hadi saba kufika Nairobi, bali haimwachii nafasi ya kuchelewa. Ya usiku ndiyo yenye nafasi ya kutosha: msafiri huondoka nyumbani asubuhi, hufika Nairobi alasiri, hula, kisha huelekea Syokimau bila pupa.

Hata hivyo, treni ya usiku hufika Mombasa kabla ya mapambazuko. Mwenye watoto hana haja ya kutoka kituoni gizani. Asubiri kuche, au awe amekubaliana mapema na dereva anayemfahamu mwenyeji wake.

Kutoka katikati ya Nairobi hadi Syokimau kuna treni ndogo zinazotoka katika kituo kikuu cha reli, ambazo hupangwa kulingana na saa za treni kubwa. Zipo pia matatu za barabara ya Mombasa. Familia iliyokodi gari inaweza kutumia barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Westlands, ambayo ina mahali pa kutokea karibu na kituo hicho.

Msafiri awe kituoni angalau saa moja kabla ya treni kuondoka. Mizigo hukaguliwa mara kadhaa, hata kwa mbwa. Visu, pombe na vitu vinavyoshika moto kwa urahisi havikubaliwi. Aliyebeba mkungu wa ndizi kumpelekea shangazi anayeishi Changamwe hana la kuhofia. Kisu cha kuukatia ndicho kitakachobaki Syokimau.

NDEGE

Uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu ni ule wa kimataifa wa Kisumu, takriban saa mbili na nusu kwa gari kutoka Kisii. Safari nyingi kutoka hapo hupitia Jomo Kenyatta, Nairobi, ingawa mashirika yamewahi kuwa na safari za moja kwa moja hadi Mombasa. Kutoka Nairobi, ndege hutua pia Ukunda kwa wanaokwenda Diani, na Malindi.

Tiketi ya ndege hupungua bei kwa anayenunua miezi miwili au mitatu kabla. Kwa watu wawili wasio na watoto, tofauti kati yake na jumla ya basi, treni, chakula na chumba cha Nairobi huweza kuwa ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwa familia ya watu sita, barabara na reli hubaki nafuu.

CHAMA KILICHOWAPELEKA WAFANYAKAZI PWANI

Wapo wanaoona kuwa matembezi ya baharini ni mambo ya watalii na matajiri. Historia ya Uingereza, nchi ambako mtindo wa miji ya mapumziko ya ufuoni ulikua mapema, inaonyesha vingine.

Mji wa Brighton ulianza kuvuma katika karne ya 18 miongoni mwa wakubwa walioamini kuwa maji ya chumvi ni tiba. Maskini hawakufika huko hadi reli ilipojengwa kutoka London mwaka 1841. Miaka mitano baadaye reli ilifika Blackpool, na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire wakaanza kumiminika kila kiangazi kiwanda chao kilipofungwa kwa wiki moja.

Wafanyakazi hao hawakuwa na mishahara mikubwa. Walijiunga katika vikundi vya akiba, wakitoa kiasi kidogo kila wiki mwaka mzima, na fedha zikagawanywa wiki ya mapumziko ilipofika. Walifanya hivyo muda mrefu kabla ya sheria ya likizo yenye malipo ya mwaka 1938.

Mfumo huo haumshangazi mtu wa Gusii. Ni chama, kile kile ambacho akina mama wa Nyamira hukitumia kununua ng'ombe wa maziwa na matangi ya maji. Kikundi cha watu 20 kinachoweka Sh500 kila mmoja kwa mwezi hupata Sh120,000 kwa mwaka, na kinaweza kukodi basi dogo na kupatana bei ya malazi kwa pamoja. Kwa wenye ajira, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inawapa angalau siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka.

Tena Gusii ina mjumbe wake Pwani tangu zamani. Vinyago, sahani na vikombe vya mawe laini vinavyochongwa Tabaka huuzwa katika maduka ya kumbukumbu Mombasa, Malindi na Diani. Mawe ya Tabaka yameiona bahari kabla ya wengi wa wanaoyachonga.

KUFIKA UFUONI

Mombasa ni kisiwa. Fuo zinazojulikana ziko nje yake, kaskazini na kusini, na kosa la kawaida la wageni ni kukodi chumba katikati ya mji wakidhani wataamka wakiwa karibu na mchanga.

Kaskazini kuna Nyali, Bamburi, Shanzu, Kikambala, Kilifi, Watamu na Malindi, mji ulio kama kilomita 120 kutoka Mombasa. Anayekwenda Kilifi au Malindi kwa treni ya asubuhi anaweza kushuka Mariakani na kufuata barabara ya Kaloleni hadi Mavueni, badala ya kuingia Mombasa na kukabiliana na msongamano wa magari.

Kusini kuna Diani, Galu na Msambweni katika Kaunti ya Kwale. Kwa miaka mingi njia ya kufika huko ilikuwa feri ya Likoni pekee. Waendao kwa miguu hawalipi, na abiria wa magari ya umma hushuka na kuvuka kwa miguu. Mtu ashike watoto mikono, asisukumane na asiruke ngalawa ikiwa haijatia nanga. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, na Pwani haijasahau.

Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu inayotoka upande wa Miritini hadi Kwale kupitia madaraja ya Mwache na Mteza. Aliyeshuka kwenye treni akielekea Diani anaweza kuitumia kwa gari bila kukanyaga kisiwani wala kupanda feri.

Kuhusu malazi, asilipe mtu amana ya nyumba aliyoiona tu katika picha za simu. Jamaa au rafiki anayeishi Mombasa aombwe kwenda kuitazama. Wakazi wa Gusii walio Pwani, bandarini, shuleni na katika biashara, ni wengi, na haikosekani familia isiyo na mmoja wao. Katika hoteli, mteja aulize bei ya wakazi na abebe kitambulisho, vivyo hivyo katika hifadhi za baharini zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Asiyelala hotelini asidhani kuwa amefungiwa bahari. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kuwa na bustani na viti vyake. Mchanga unaofunikwa na maji si mali yake. Ugumu huwa katika kupata njia ya kufikia mchanga huo, na ndiyo sababu ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi, unaojulikana pia kama Pirates, hujaa watu siku za sikukuu.

MAJI HUJAA NA KUPWA

Hapa ndipo mtu wa nyanda za juu anapohitaji elimu zaidi. Mto Gucha hutiririka upande mmoja siku zote. Bahari huja na kuondoka.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban siku moja, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya viwango hivyo Mombasa hukaribia mita nne. Siku za katikati huitwa maji mafu, na tofauti huwa ndogo.

Wakati wa bamvua, maji katika pwani ya Kenya hupwa asubuhi na kujaa alasiri. Aliyefika asubuhi akakuta miamba na mwani mtupu asidhani amedanganywa. Arudi baada ya chakula cha mchana. Vile vile, aliyetembea hadi kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa asizubae huko, kwa kuwa maji hurudi yakijaza kwanza mikondo iliyo nyuma yake.

Kanuni za usalama ni chache. Mtoto asiingie majini bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika mkono. Mipira ya magurudumu inayokodishwa ufuoni si vifaa vya kuokolea, kwani upepo unaweza kuisukuma mbali. Asiyejua kuogelea asipite kimo cha kiuno. Mwogeleaji wa mtoni naye atambue kuwa mawimbi na mikondo ya chumvi ni jambo jingine. Viatu vya mpira hukinga nyayo dhidi ya matumbawe na viumbe wenye miiba.

Upepo nao una misimu yake. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na huleta joto na bahari iliyotulia. Kusi huanza Aprili pamoja na mvua nyingi za masika, na bahari huchafuka na kuleta mwani ufuoni. Kufikia Agosti mvua huwa imepungua na hewa ni ya baridi kidogo, hali inayowafaa watoto wa Gusii wasiozoea joto. Hata hivyo, mawimbi bado huwa makubwa kuliko ya Januari.

JOTO, MBU NA HESHIMA

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Anayeshuka kutoka huko atatokwa na jasho tangu siku ya kwanza. Anywe maji mengi, akae kivulini adhuhuri, na aache sweta la safari ndani ya mkoba hadi siku ya kurudi. Atalihitaji Narok.

Jambo zito zaidi ni malaria. Katika nyanda za juu za Gusii ugonjwa huo huja kwa mikurupuko, kwa hivyo wakazi wengi hawana kinga ya kiasi walichonacho watu wanaoumwa na mbu wenye vimelea mwaka mzima. Pwani malaria ipo daima. Familia ilale ndani ya chandarua, na wajawazito na wenye watoto wachanga wapate ushauri wa kituo cha afya kabla ya kuondoka. Mtu akishikwa na homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, aende kupimwa na amweleze daktari kuwa alikuwa Pwani.

Heshima pia ni sehemu ya mzigo wa msafiri. Vazi la kuogelea ni la ufuoni. Katika Mji wa Kale na vijijini, ambako wakazi wengi ni Waislamu, wageni huvaa nguo za kufunika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani mtu hali wala hanywi hadharani mchana mbele ya waliofunga. Atakayesema "shikamoo" kwa wazee na kungoja jibu ataonyeshwa njia kwa ukarimu.

YA KUTAZAMA

Siku ambazo maji yamekupwa zinafaa kwa historia. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Magofu ya Gedi, karibu na Watamu, yaliingizwa mwaka 2024. Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga huko mwaka 1498.

Watoto hufurahia Haller Park huko Bamburi, machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyoanza kupandwa miti mwaka 1971 na sasa yana twiga na viboko. Jioni, bustani ya Mama Ngina iliyo kwenye mlango wa bandari huwapa wageni nafasi ya kutazama meli zikipita huku wakila mihogo ya kukaanga na kunywa madafu. Hayo hayahitaji fedha nyingi.

KURUDI NYUMBANI

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kurudi. Tiketi za kutoka Mombasa siku za Jumapili na siku za mwisho wa likizo hujaa mapema, na asiyejiandaa hulazimika kuongeza usiku mmoja wa malazi au kulipa nauli ya juu ya basi.

Tiketi ya kurudi ikatwe siku ile ile ya kukata ya kwenda. Nauli ya Nairobi hadi Kisii itengwe katika akaunti isiyoguswa, kwa kuwa fedha hizo ndizo huliwa na samaki wa kupaka na vikuku vya ufuoni.

Kabla ya kuondoka Nairobi, msafiri apate habari za barabara ya Narok, hususan msimu wa masika. Mnamo Machi 2018 ardhi ilipasuka na kuikata barabara ya Mai Mahiu na Narok, na mnamo Aprili 2024 mafuriko ya Mai Mahiu yaliua makumi ya watu. Barabara hiyo ikiwa na matatizo, njia ya Nakuru na Kericho hubaki wazi kwa wanaorudi Kisii na Nyamira, ingawa ni ndefu kidogo.

Familia iliyohesabu safari kwa mpangilio huo, yaani siku, tiketi za kwenda na kurudi, malazi yaliyokaguliwa na saa za maji, itafika ufuoni ikiwa bado na fedha za kutumia siku tatu au nne. Ambaye hana tiketi ya kurudi mfukoni hajamaliza kupanga safari yake, hata kama tayari amefika stendi ya Kisii na mkoba begani.